Kuziba Ufa Kusitozwe Ushuru

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema kwamba mwenye kutaka kuziba ufa sharti kwanza amlipe ushuru jirani yake mkubwa ndipo aruhusiwe kuchota udongo. Lakini huko Marekani, nchi yenye mtandao wa barabara ulio miongoni mwa mikubwa kabisa duniani, ushuru wa namna hiyo umekuwa utaratibu wa kawaida. Unaandikwa katika mikataba, unapitishwa katika mabaraza ya madiwani, na unatetewa na watu wazima waliovaa tai.

Utaratibu wenyewe huitwa ubadilishanaji wa fedha za barabara. Halmashauri za miji na kaunti hupewa mgao wa fedha kutoka Serikali ya Shirikisho. Kwa jina, fedha hizo ni za halmashauri. Kwa vitendo, zimefungwa kwa masharti mengi kiasi kwamba halmashauri ndogo haiwezi kuzitumia kuziba nyufa za mitaa yake. Basi halmashauri huuachia mgao huo mikononi mwa serikali ya jimbo, nayo serikali ya jimbo huipa badala yake fedha za jimbo, ambazo masharti yake ni machache. Tofauti ni moja tu: kinachorudi mara nyingi ni pungufu kuliko kilichotolewa.

Jimbo la Kansas lilipoanzisha mpango wake mwanzoni mwa miaka ya 2010 lilitoa senti 90 kwa kila dola 1 ya shirikisho, na mpango huo uliwekwa kwa kaunti na kwa miji yenye wakazi zaidi ya 5,000. Nebraska ilianza kwa senti 80. Oregon, kwa miaka mingi, ilitoa senti 94. Kwa hiyo mji mdogo unaotaka kufanya jambo la busara kuliko yote katika elimu ya barabara, yaani kuitunza barabara kabla haijafa, hukatwa senti 6, au 10, au 20 katika kila dola. Hiyo si adhabu ya ubadhirifu wala faini ya uzembe. Ni gharama ya kutaka kuwa mwangalifu.

MFUKO ULIOZALIWA KUJENGA

Ili kuelewa jinsi mambo yalivyofikia hapo, hapana budi kurudi mwaka 1956. Mwaka huo Rais Dwight Eisenhower alitia sahihi sheria iliyoanzisha ujenzi wa barabara kuu za kuunganisha majimbo, maili 41,000 kwa hesabu ya wakati ule. Serikali ya Shirikisho ilibeba asilimia 90 ya gharama. Mfuko maalumu ukaundwa, ukilishwa kwa kodi ya petroli na kodi nyingine za vyombo vya moto. Shabaha ilikuwa kubwa na kazi iliyofanyika ilikuwa kubwa. Hakuna mwenye haki atakayelikana hilo.

Lakini mfuko ule ulizaliwa kwa ajili ya kujenga. Haukuzaliwa kwa ajili ya kutunza. Tabia ya utotoni haikuuacha ulipokua. Hadi leo, katika maili zipatazo milioni 4 za barabara za umma nchini Marekani, ni karibu maili milioni 1 tu zinazostahili kupokea fedha za kawaida za msaada wa barabara za shirikisho. Robo tatu zilizobaki ni mitaa ya makazi na njia za mashamba. Mtaa upitao mbele ya nyumba ya mfanyakazi, njia impelekayo mtoto shuleni, barabara imfikishayo mkulima ghalani, zote hizo kwa kawaida ziko nje ya uzio.

Hata ndani ya uzio, matengenezo yamebaguliwa. Kazi za kawaida za kila siku, kama kufukia mashimo na kusafisha mitaro, hazikubaliwi kugharimiwa na mfuko huo. Matengenezo ya kinga yalikuja kufunguliwa mlango katika miaka ya 1990, baada ya wahandisi kupiga kelele kwa muda mrefu. Hata hivyo mlango ulifunguliwa kwa barabara zinazostahili tu, na kila apitaye mlangoni hukutana na mlinzi mwenye faili.

Faili hilo si dogo. Sheria ya mazingira iliyopitishwa mwaka 1969 inataka athari za mradi zichunguzwe. Sheria ya mwaka 1970 inalinda watu wanaohamishwa kwa ajili ya ujenzi. Sheria ya mwaka 1982 inataka chuma kinachotumika kiwe kimetengenezwa nchini. Kila moja ya sheria hizo ina chanzo chake na sababu yake nzuri. Ziliwekwa kwa sababu barabara kuu zilikata miji vipande, zikabomoa makazi ya maskini, hasa ya Wamarekani weusi, bila kuwauliza wenyewe. Anayezidharau sheria hizo hajui historia.

Hata hivyo, sheria iliyotungwa ili kulizuia tingatinga lisibomoe mtaa mzima inapopelekwa, pamoja na fomu zake zote, kwa mafundi watatu wanaoziba nyufa kwa lami ya moto, hapo urasimu umeshinda akili. Hata pale sheria yenyewe inapotoa njia fupi kwa kazi ndogo, ni lazima halmashauri ithibitishe kwa maandishi kwamba kazi yake inastahili njia fupi. Mji mkubwa una idara nzima ya kuandika maandishi hayo. Mji mdogo una mhandisi mmoja, na pengine hata huyo humkodi kwa saa.

LAMI HAINGOJI FAILI

Wakati karatasi zinasafiri kutoka meza moja hadi nyingine, lami haingoji. Jua huikausha, ikapasuka. Mvua huingia katika ufa. Katika nchi za baridi maji hayo huganda, yakavimba, yakaupanua ufa; barafu inapoyeyuka chini ya uzito wa malori, udongo uliolegea hukubali, na shimo likazaliwa. Yote hayo hayahitaji kibali cha mtu yeyote.

Wahandisi wa barabara wana kanuni maarufu ambayo kila diwani angepaswa kuisoma kabla ya kula kiapo. Barabara ya lami hupoteza karibu asilimia 40 ya ubora wake katika robo tatu ya kwanza ya maisha yake. Kisha hupoteza asilimia 40 nyingine katika muda mfupi sana unaofuata, yapata asilimia 12 tu ya maisha hayo. Yaani barabara hufa polepole kwa muda mrefu, halafu hufa ghafla. Kazi ambayo ingegharimu dola 1 kabla ya mteremko huo hugharimu dola 6 hadi 10 baada yake.

Hapo ndipo penye maana ya matunzo. Kuziba nyufa, kupaka lami nyepesi iliyochanganywa na mchanga, kumwaga lami na kokoto na kushindilia, au kuongeza tabaka jembamba juu ya barabara ambayo bado ni nzima, kazi hizo hufanywa mapema ama hazifanywi kabisa. Barabara ikiisha kuoza msingi, kuipaka lami juu ni sawa na kumpaka poda mgonjwa wa homa.

Sasa linganisha saa hizo mbili. Saa ya lami inahesabu misimu. Saa ya faili inahesabu miaka. Halmashauri inayongojea fedha za shirikisho ili ifanye kazi ya kinga hujikuta fedha zimefika wakati kinga imepitwa na wakati na kinachohitajika ni kujenga upya. Mji ulioomba dawa ya kikohozi huletewa jeneza, tena hutakiwa uchangie gharama ya mbao.

Mchango huo ni jambo la kweli. Kwa kawaida mradi wa msaada wa shirikisho hulipiwa asilimia 80 na Serikali ya Shirikisho, na asilimia 20 hutafutwa na wenyeji. Chukua mfano wa hesabu. Mji umegawiwa dola 100,000. Ili kuzitumia zote kwa mradi wa shirikisho, sharti utafute dola 25,000 nyingine, na juu yake kuna malipo ya wataalamu wa kuandaa makaratasi, usimamizi na ukaguzi. Mji huohuo ukibadilishana fedha zake kwa senti 90, hupata dola 90,000, hautafuti mchango, na mafundi huingia barabarani msimu ujao. Mwenye mfuko mdogo atachagua nini? Jibu liko wazi kama mchana.

WANAOLAUMU MIJI MIDOGO

Wapo wanaosema kwamba miji hiyo ni mizembe. Kwamba ingekuwa hodari ingejifunza taratibu za shirikisho na kuzifuata, na hapo isingepoteza hata senti. Maneno hayo ni ya mtu aliyeshiba anayemlaumu mwenye njaa kwa kula haraka.

Taratibu za mradi zina gharama yake isiyopungua hata kama mradi ni mdogo. Uchunguzi, mikutano, zabuni, ripoti na ukaguzi wa mradi wa daraja la dola milioni 50 ni sehemu ndogo ya daraja. Taratibu za namna hiyohiyo, hata zikipunguzwa, juu ya kazi ya dola 100,000 humeza fungu kubwa la kazi yenyewe. Kwa hiyo anayesema kwamba sheria ni moja kwa wote anasema kweli nusu tu. Sheria ni moja, lakini mzigo si mmoja. Gunia moja likiwekwa juu ya lori halionekani. Likiwekwa juu ya punda, punda huchuchumaa.

Halmashauri inayobadilishana fedha zake haikukimbia wajibu. Imehesabu, ikaona kwamba hasara ya senti 10 leo ni ndogo kuliko hasara ya dola 6 kesho. Madiwani wa mji mdogo waliopiga kura ya kupokea senti 90 walifanya wajibu wao. Lawama iende kwa waliojenga mlango ambao kupita ndani yake kwa uaminifu ni ghali kuliko kuuza tikiti nje.

NANI HULA SENTI KUMI?

Swali linalofuata ni la haki, na limekuwa likiulizwa kwa sauti ndogo mno. Zile senti 10 huenda wapi?

Haziyeyuki. Jimbo linapochukua dola 1 ya shirikisho na kutoa senti 90, jimbo hubaki na dola nzima ya kutumia katika barabara zake kuu. Katika kila dola milioni 10 zilizobadilishwa kwa bei hiyo, dola milioni 1 zimehama kutoka mitaa ya miji midogo na njia za kaunti kwenda katika hesabu za idara ya jimbo. Hakuna mpiga kura aliyeulizwa kama anakubali uhamisho huo. Hakuna bunge la mji lililoupa jina lake halisi, nalo ni kodi.

Watetezi hujibu kwamba jimbo nalo lina gharama. Sharti lisimamie fedha za shirikisho, sharti litafute mchango wake, sharti likabili wakaguzi. Jibu hilo lina kiini cha ukweli, na haki inataka likubaliwe kwa kadiri yake. Lakini jimbo lina wahasibu, wanasheria na wataalamu wa mazingira waliokwisha ajiriwa kwa kazi hiyohiyo, wanaoshughulikia miradi ya mamia ya mamilioni. Kuongeza dola chache juu ya mradi mkubwa ulio tayari hakuongezi fomu mpya kwa kiasi cha kumi kwa mia. Na mchango wa jimbo haupotei; unageuka kuwa barabara ya jimbo.

Ushahidi mkubwa zaidi unatoka California. Huko sheria iliruhusu mamlaka za maeneo yenye watu wachache kubadilishana mgao wao wa shirikisho na fedha za jimbo, dola kwa dola. Hakuna senti iliyokatwa. Jimbo lilichukua dola yenye masharti, likaitumia katika miradi yake iliyokuwa tayari inafuata masharti, likatoa dola isiyo na masharti hayo. Mbingu haikuanguka. Basi anayekata senti 10 au 20 hawezi kudai kwamba kukata ni sheria ya maumbile. Ni bei iliyowekwa na mwenye nguvu kwa sababu mwenye shida hana pengine pa kwenda.

Tabia hiyo ya soko inaonekana wazi zaidi pale halmashauri zinapouziana zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 1980 wapiga kura wa Kaunti ya Los Angeles walikubali kodi ya mauzo ya nusu senti kwa kila dola kwa ajili ya usafiri wa umma. Robo ya mapato hurudishwa kwa miji ya kaunti hiyo, na sharti lake ni kwamba itumike kwa usafiri huo. Miji isiyoona matumizi ya kutosha ya aina hiyo iliruhusiwa kuuza mgao wake kwa miji mingine na kupokea fedha zisizo na masharti. Kwa miaka mingi bei ilikuwa mara nyingi karibu senti 70 au 75 kwa dola.

Nani huuza katika soko kama hilo? Ni mji unaohitaji fedha taslimu leo ili ulipe zima moto, polisi au viraka vya barabara. Nani hununua? Ni mji wenye akiba, unaoweza kutoa senti 75 sasa ili upate dola nzima. Hivyo fedha iliyokusanywa kwa wote kwa kiwango kimoja, kutoka mfuko wa mnunuzi wa viatu na mfuko wa mnunuzi wa sabuni, hupita sokoni na kutokea upande wa pili ikiwa imemwelemea mwenye nacho. Hakuna aliyeiba. Kila karatasi ina mhuri. Ndiyo maana ubaya wake ni mgumu kuonekana.

MSHAHARA ULIOACHWA NJIANI

Kuna bei nyingine, kubwa kuliko senti 10, ambayo haiandikwi katika mkataba wowote wa ubadilishanaji. Inalipwa na mtu mwenye sepetu.

Miongoni mwa masharti yanayosafiri na dola ya shirikisho ni lile la ujira. Sheria ya Davis-Bacon ya mwaka 1931, ambayo msingi wake uliingizwa baadaye katika sheria za barabara kuu, inataka mfanyakazi wa ujenzi alipwe si chini ya kiwango kilichozoeleka mahali hapo kwa kazi hiyo. Ilitungwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, wakandarasi walipokuwa wakishinda zabuni za serikali kwa kuleta vibarua wenye njaa na kuwalipa makombo.

Dola ikibadilishwa, sharti hilo hubaki nyuma. Kama jimbo lina sheria yake yenyewe ya ujira wa kazi za umma, kama zilivyo California na Oregon, mfanyakazi bado ana mwavuli. Lakini Kansas? Historia ya Kansas inasikitisha. Jimbo hilo ndilo lililokuwa la kwanza katika Marekani nzima kutunga sheria ya ujira wa namna hiyo, mwaka 1891, miaka 40 kabla ya sheria ya shirikisho. Na mwaka 1987 likaifuta. Kwa hiyo mtaa uleule, unaotandazwa lami ileile na mikono ileile, ukilipiwa kwa dola ya shirikisho, mfanyakazi ana haki ya kiwango. Ukilipiwa kwa dola iliyobadilishwa, anapewa kile mkandarasi anachoona kinatosha.

Watetezi wana jibu hata hapa. Wanasema ulinzi haukupotea, umehama tu. Kwamba dola ya shirikisho imekwenda katika mradi wa jimbo, na huko wafanyakazi wanalipwa kiwango. Hicho ni kiini macho. Mradi mkubwa wa barabara kuu ambao tayari una fedha za shirikisho ndani yake ulikuwa na sharti la ujira kabla dola hiyo haijafika. Dola iliyoongezwa haikumletea mfanyakazi wa huko jipya. Mfanyakazi wa mtaani ndiye aliyepoteza, na hakuna aliyepata mahali pake isipokuwa yule aliyepunguza gharama.

Hapa hapana budi kuwa macho, maana ndipo wanapojificha maadui wa wafanyakazi. Wao huusifu ubadilishanaji kwa sauti kubwa. Husema: tazameni jinsi kazi inavyokwenda haraka bila masharti ya shirikisho! Kisha katika neno moja, masharti, huchanganya mambo mawili yasiyofanana. Fomu ya nakala tano ni sharti. Mshahara wa haki nao ni sharti. La kwanza linamchelewesha mhandisi. La pili linamlisha mtoto. Anayeyafunga mawili hayo katika furushi moja na kulitupa nje anataka kutupa la pili, na la kwanza amelitumia kama kanga ya kufunikia.

Kazi za matunzo ni kazi za mikono kuliko kazi za mitambo mikubwa. Kuziba nyufa ni mtu na bomba la lami inayochemka, katika jua la Julai, magari yakipita hatua mbili kutoka mgongoni mwake. Kama kuna mfanyakazi wa barabara anayestahili kulindwa, ndiye huyo. Kuokoa barabara kwa kumpunguzia ujira ni kuziba ufa wa lami kwa kufungua ufa katika jamii.

NJIA ILIYO WAZI

Haitoshi kulaani. Dawa inajulikana, na sehemu zake zimekwisha jaribiwa ndani ya Marekani yenyewe.

Kwanza, pale ubadilishanaji unapoendelea, ufanywe dola kwa dola. California imeonyesha kwamba inawezekana. Jimbo linalodai gharama za usimamizi liziandike hadharani, senti kwa senti, mbele ya madiwani na wananchi, lisijifiche nyuma ya bei ya jumla iliyokadiriwa.

Pili, kila dola iliyobadilishwa ifuatwe na sharti la ujira wa haki, hata kama sheria ya jimbo haisemi hivyo. Halmashauri inaweza kuliandika ndani ya zabuni pale sheria za jimbo zinapoiruhusu, na bunge la jimbo linaweza kulifanya kuwa sehemu ya mpango. Yaachwe makaratasi, usiachwe mshahara.

Tatu, na ndilo kubwa, matunzo ya mitaa yapewe fedha zake waziwazi, yasiwe mgeni anayeingia kwa mlango wa jikoni katika nyumba ya ujenzi. Aprili 2017 California ilipitisha sheria iliyoongeza kodi ya petroli kwa senti 12 kwa galoni kuanzia Novemba 1 mwaka huo. Sehemu kubwa, inayokadiriwa kuwa dola bilioni 1.5 kwa mwaka, ilielekezwa kwa barabara za miji na kaunti, na kila halmashauri ilitakiwa itangaze orodha ya miradi yake kabla ya kupokea. Wapinzani wa kodi walileta hoja ya kuifuta katika kura ya Novemba 2018. Wananchi wakaikataa hoja hiyo. Waliona greda na lami katika mitaa yao, wakaelewa fedha yao imekwenda wapi.

Huko Eugene, katika Oregon, wapiga kura walikubali mwaka 2008 mji ukope dola milioni 35.9 kwa hati za dhamana ili kutengeneza mitaa iliyotajwa kwa majina, na kamati ya wananchi ikawekwa kukagua matumizi. Waliporudishiwa ombi kama hilo mwaka 2012 walikubali tena. Hilo linawajibu wale wanasiasa wanaodai kwamba wananchi hupenda kukata utepe wa barabara mpya tu. Wanaopenda utepe ni wanasiasa. Mwananchi anapenda barabara isiyomvunjia ekseli.

Serikali ya Shirikisho nayo haiwezi kusema kwamba kupeleka fedha moja kwa moja kwa halmashauri ni muhali. Sheria kubwa ya miundombinu iliyotiwa sahihi na Rais Joe Biden Novemba 15, 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa miaka mitano kwa ajili ya usalama wa barabarani, na fedha hizo zikaelekezwa kwa miji, kaunti na mamlaka nyingine za wenyeji bila kupitia mikononi mwa majimbo. Kama mlango huo uliweza kufunguliwa kwa usalama, waweza kufunguliwa kwa matunzo, kwa taratibu zinazolingana na ukubwa wa kazi. Barabara yenye mashimo nayo ni hatari.

Sheria hiyohiyo ya 2021 ilihamisha dola bilioni 118 kutoka hazina kuu kwenda mfuko wa barabara kuu na usafiri wa umma, kwa sababu kodi ya shirikisho ya petroli ilikuwa imebaki palepale, senti 18.4 kwa galoni, tangu mwaka 1993. Yaani mlipakodi ameombwa aujaze upya mfuko uliozaliwa kujenga. Ni haki yake kuuliza ni lini mfuko huo utajifunza kutunza. Nchi nyingine zimekwisha jifunza. Hapa Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 1998 yaliusimamisha Mfuko wa Barabara kwa shabaha ya matengenezo kwanza. Utekelezaji una kasoro zake na fedha hazijapata kutosha, lakini msingi haukuwekwa kichwa chini.

Ubadilishanaji wa fedha za barabara umesaidia miji mingi, na asiyelisema hilo hasemi kweli yote. Bila huo, mitaa mingi ya Kansas na Nebraska ingekuwa imerudi kuwa vumbi. Lakini mkongojo haupaswi kusifiwa kama mguu. Utaratibu unaomtoza senti 10 mwenye kutunza, huku ukimlipia asilimia 80 mwenye kungoja barabara ife aijenge upya, ni utaratibu unaowafundisha viongozi uzembe na kuuita mpango.

Basi dola ya mtaa irudi mtaani ikiwa nzima. Mfanyakazi apokee ujira wake ukiwa mzima. Na anayetaka kuziba ufa apewe lami, asidaiwe ushuru. Wanaokataa leo watajenga ukuta kesho, na gharama ya ukuta huo haitalipwa na wao.